Shamba, Benki na Hospitali: Vijana Wenye Usonji na Kufunzwa Kazi

Mwezi wa Mei mwaka 1945 tabibu Leo Kanner, bingwa wa maradhi ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alifunga safari hadi jimbo la Mississippi kumzuru mvulana aliyemfahamu tangu mwaka 1938, naye ni Donald Triplett, mzaliwa wa mji mdogo wa Forest, wa kwanza katika watoto 11 walioelezwa na tabibu huyo katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1943 juu ya usonji. Wazazi wa Donald, ambao hapo awali walimpeleka katika nyumba ya malezi akiwa na umri wa miaka mitatu, kisha wakamrudisha nyumbani, walikuwa wamemweka tangu mwaka 1942 kwa mkulima mmoja na mkewe, mwendo wa maili 10 hivi kutoka kwao.

Aliyoyaona Kanner katika shamba lile yalimstaajabisha. Mtoto alikuwa na shauku ya kupima kila kitu, na mkulima, badala ya kumkataza, alimtaka achimbe kisima kisha alete habari ya kina chake. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Akatengewa mahali pa kuwazika, akaambiwa aweke vibao juu ya makaburi yao. Alikuwa hachoki kuhesabu mistari ya mahindi, ikawa ruhusa kwake kuihesabu madhali anailima. Na mbele ya mgeni wake akalima kwa plau mistari sita mirefu, akimwongoza farasi na kumgeuza mwisho wa kila mstari kwa ustadi uliompendeza mtazamaji. Katika skuli ya mashambani aliyosoma, wenziwe walimpokea na ajabu zake, naye akasoma akaendelea.

Mimi naliona shamba hilo kuwa na hadhi kubwa katika historia hii kuliko vyuo vingi vilivyofuata, kwa kuwa watu wawili ambao hawakusomea elimu ya nafsi walitambua kwamba hulka ya mtoto, ambayo wengine waliihesabu kuwa ugonjwa mtupu, yaweza kutiwa ndani ya kazi pasipo kuvunjwa. Donald alipata shahada mwaka 1958, akaajiriwa katika benki ya mji wao kuhesabu fedha na kuwahudumia wateja. Akacheza gofu, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, hata alipofariki mwaka 2023. Lakini insafu yataka tukumbuke kwamba benki hiyo ilikuwa na mkono wa jamaa zake, na kwamba mtoto wa maskini, sembuse mtoto mweusi katika Mississippi ya zama zile, hakuwa na mlango kama huo wa kubisha.

Kanner aliporudi kuwatafuta wale 11, akatoa habari zao mwaka 1971, alikuta tofauti ya kuhuzunisha. Waliotiwa katika mahospitali ya serikali walikuwa wamefifia, naye hakusita kusema kwamba kuingizwa humo kulikuwa sawa na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Ilhali kijana mwingine, aliyefunzwa kazi kwa taratibu, alikuwa akiendesha mitambo ya kunakili karatasi katika idara ya serikali, na mkuu wake akimsifu kwa uaminifu na ukamilifu. Mwaka uliofuata, katika uchunguzi wa watu 96 waliojulikana hospitalini kabla ya mwaka 1953, yeye na wenziwe waliwatazama wale wachache waliofaulu kujikimu, wakaona kwamba aghalabu walipofika ujanani walianza kuzitambua wenyewe tofauti zao, wakajitahidi kwa makusudi kujifunza namna ya kuchanganyika na watu.

Kijana wa namna hiyo angefunzwa na nani? Miaka ile fikra iliyotawala, na Bruno Bettelheim wa Chicago aliyeieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1967, iliwatwisha mama lawama kwamba ubaridi wa moyo wao ndio ulioleta usonji wa watoto wao. Dhuluma kubwa, kwani iliwafukuza walio karibu mno na mtoto. Aliyeipinga kwa vitendo ni Eric Schopler, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani na kukimbilia Marekani utotoni, ambaye aliwafanya wazazi kuwa washirika wa mafunzo. Mwaka 1972 baraza la kutunga sheria la North Carolina likaikubali kazi yake kuwa mpango wa jimbo zima, ujulikanao kwa jina la TEACCH. Humo kijana huwekewa kazi yake katika mpangilio wa kuonekana kwa macho, apate kujua bila ya kuuliza ni kazi ipi, ni kiasi gani, itakwisha lini, na baada yake kuna nini. Mwaka 1984 Gary Mesibov, wa mpango huo huo, alieleza vikao ambamo vijana na watu wazima walizoezwa kusikiliza, kuzungumza kwa zamu, na kuigiza mambo yawakutayo.

Hata hivyo desturi iliyoenea ilikuwa kuwaweka walemavu katika karakana za peke yao mpaka wawe tayari kwa kazi ya nje, na wengi walizeeka humo wakingoja utayari huo. Katika miaka ya 1980 Paul Wehman na wenziwe wa Virginia waliigeuza desturi hiyo: kijana atafutiwe kazi ya kweli kwanza, kisha afunzwe pale pale, pamoja na mkufunzi anayejitenga kidogo kidogo kadiri anavyoizoea; na sheria ya Marekani ya mwaka 1986 ikaitengea njia hiyo fedha. Mwaka 1996 Erin Riehle, muuguzi aliyesimamia idara ya dharura ya hospitali ya watoto ya Cincinnati, akiwa na shida ya kuwapata wa kupanga vifaa kwa uangalifu, aliwafungulia mlango vijana wenye ulemavu, na huo ukawa mwanzo wa Project SEARCH, ambapo mwaka wa mwisho wa skuli huhamia mahali pa kazi.

Wehman aliuchukua mpango huo kwa ajili ya vijana wenye usonji katika hospitali za Virginia, akauongezea msaada waliouhitaji: ratiba za kuonekana, na mafundisho ya wazi juu ya kuamkiana, kuomba mapumziko, na kukaa na wenzao wakati wa chakula. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2014, vijana 21 kati ya 24 waliofunzwa hivyo walipata ajira ya mshahara; na katika 16 walioachwa kwenye masomo ya kawaida, alipata mmoja. Walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, wala hapana awezaye kusema kwamba wale 16 walikuwa wazito au wavivu kuliko wenzao.