Lenzi Mvuto, Wala Si Lenzi Kuza

Nimesoma juzi, katika orodha ya istilahi iliyotolewa na kamati ambayo sina haja ya kuitaja, kwamba ile lenzi iwezayo kubadili urefu wake wa fokasi pasi na kuvuliwa kwenye kamera imepewa jina la "lenzi kuza". Nami, ingawa nimeapa mara nyingi kutojitia katika mizozo ya watu wa kalamu, nimeshindwa kunyamaza. Kwani lenzi ya milimita 16 hadi 35, ambayo bila shaka ni ya jinsi hiyo, kazi yake ni kuvifanya vitu viwe vidogo hata ukumbi mzima wa arusi uenee katika picha moja. Na lenzi ya makro ya milimita 100, isiyobadilika abadani, ndiyo imchorayo siafu wa milimita 10 kwa milimita 10 zile zile juu ya kihisio. Basi ipi ikuzayo?

Waingereza wenyewe neno lao, zoom, walilitoa katika mvumo wa mdudu arukaye, marubani wakalitwaa kwa ndege ipaayo ghafula, ndipo likafika kwenye kamera, hata Voigtländer ikatoa Zoomar ya milimita 36 hadi 82 mwaka 1959, ya kwanza kwa kamera za picha mnato za filamu ya milimita 35. Na lenzi nayo asili yake ni adesi kwa Kilatini. Waarabu wakaifuata maana hiyo wakasema adasa, nasi, tulio na adesi jikoni, tukaenda kuazima. Hilo nimelisamehe.

Mimi napendekeza mvuto, maana mpiga picha wa arusi huambiwa "vuta", na demani ya chombo huvutwa na kulegezwa, jina lake likabaki lile lile. Bwana mmoja, ambaye sijapata kumwona ameshika kamera, akanijibu kuwa mvuto ni mali ya wanafizikia na wauza hirizi. Mbona mkazo ni wa sarufi, na ni wa kamba pia, wala hajalalamika?

Ama mnunuzi, kwa ufupi: 24 hadi 70 kwa arusi, 70 hadi 200 kwa uwanja wa mpira, f/2.8 isiyobadilika kama mfuko unaruhusu, na ahakikishe inaingia kwenye kamera yake kabla ya kulipa.