Hesabu Kabla ya Msingi

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anatoa mfano wa mtu anayekusudia kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, mtu mwenye busara hukaa chini akapiga hesabu, asije akaishia njiani na kuchekwa na majirani. Tumezoea kusikia somo hili likihubiriwa juu ya gharama ya kumfuata Kristo, na ndiyo maana yake. Lakini ndani yake imo pia hekima ambayo kila mjumbe wa kamati ya ujenzi anaijua: imani haimzuii mtu kuhesabu.

Hapa tunafuata historia ya hesabu moja iliyoanza kabla makanisa yetu mengi hayajajengwa. Siku hizi tunaisikia redioni kwa jina la sifuri halisi. Maana yake ni kwamba dunia ifike mahali ambapo hewa ukaa inayotupwa angani haizidi ile inayoondolewa. Baadhi yetu husema hayo ni mambo ya Wazungu. Wengine husema mvua na jua ni vya Mungu, binadamu asijitie. Kabla ya kuhukumu, tujue kwanza hesabu hiyo ilitoka wapi.

Mwaka 1856 mama mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alichukua mitungi ya kioo, akaweka vipimajoto ndani yake, akaianika juani. Mtungi wenye hewa ukaa ulipata joto kuliko ule wa hewa ya kawaida, na ulipoondolewa juani ulichelewa sana kupoa. Akaandika kwamba kama hewa hiyo ingekuwa nyingi zaidi angani, dunia ingekuwa na joto zaidi. Taarifa yake ilisomwa kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Albany, lakini aliyeisoma ni mwanamume, Joseph Henry. Baadaye jina la mama huyo likasahaulika kwa zaidi ya miaka mia moja. Sisi tunaojua ni nani waliofika kwanza kaburini alfajiri ya Pasaka, na jinsi habari yao ilivyopokelewa na mitume, hatuna sababu ya kushangaa.

Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alichapisha hesabu alizozifanya kwa mkono kwa muda mrefu. Aliona kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu, joto la dunia litapanda kwa nyuzi 5 au 6. Wataalamu wa leo wanakadiria nyuzi 2.5 hadi 4, kwa hiyo mzee huyo hakuwa mbali sana. Alichokosea ni kasi. Alidhani jambo hilo lingechukua maelfu ya miaka, kwa sababu hakuweza kuona wingi wa makaa ya mawe na mafuta ambayo wajukuu wake wangechoma.

Kasi hiyo ilipimwa na Charles Keeling, aliyeanza mwaka 1958 kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii. Wakati huo palikuwa na takriban sehemu 315 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Mwaka 1988 likaundwa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, na mmoja wa viongozi wa kundi lake la sayansi alikuwa John Houghton, mwanafizikia wa Wales. Houghton hakuficha kwamba ni Mkristo, na alifundisha kuwa kutunza uumbaji ni sehemu ya utii wetu. Hakuona ugomvi kati ya kusali na kupima.

Ni wapi basi lilipotokea neno sifuri? Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Myles Allen na jingine na Malte Meinshausen, yalionyesha kwamba kiasi cha joto kitategemea jumla ya hewa ukaa yote iliyotupwa tangu viwanda vianze. Fikiria ndoo chini ya bomba. Ukipunguza maji yanayotoka, ndoo itajaa polepole, lakini itajaa tu. Haitaacha kujaa mpaka bomba lifungwe. Kutokana na hesabu hiyo, Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ulitaka kuwe na uwiano kati ya kinachotupwa na kinachoondolewa, na mwaka 2018 Jopo lile likasema kwamba ili joto lisizidi nyuzi 1.5, sifuri halisi ya hewa ukaa ifikiwe karibu na mwaka 2050.

Tangu hapo wasomi wameshindana hasa juu ya namna ya kuujenga mnara huo. Mwaka 2015 Mark Jacobson wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliandika kwamba Marekani inaweza kuendeshwa kwa upepo, maji na jua peke yake. Mwaka 2017 watafiti 21 wakiongozwa na Christopher Clack wakajibu katika jarida lile lile kwamba hesabu ina makosa, hasa upande wa umeme wa maji, na kwamba ni salama zaidi kutumia njia nyingi, nyuklia ikiwemo. Jacobson aliwajibu, kisha akaenda mahakamani, na mwaka 2018 akaiondoa kesi. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya ndugu kushtakiana, na hata wasomi wangefaidika na onyo hilo. Lakini tusikose kuona kwamba pande zote mbili zilikubali kuwa bomba lazima lifungwe.

Ubishi mwingine ulihusu neno halisi. Mwaka 2016 Kevin Anderson na Glen Peters walionya kwamba mipango mingi inategemea mitambo ya kuondoa hewa ukaa angani siku za baadaye, ambayo haijathibitika kufanya kazi kwa kiwango hicho. Huko ni kukopa leo kwa ahadi ya mshahara wa kazi ambayo hujaipata.

Na ubishi wa tatu unatugusa sisi. Afrika ina karibu moja ya tano ya watu wa dunia, lakini mchango wake wa hewa ukaa hauzidi asilimia 4. Waafrika wapatao milioni 600 hawana umeme. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati liliandika kwamba katika njia ya kufika sifuri mwaka 2050, hapahitajiki maeneo mapya ya kuchimba mafuta na gesi. Wasomi wengi wa Afrika waliuliza: anayesema hivyo, ameshachoma kiasi gani? Linapojadiliwa bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga, katika benchi moja la kanisa huketi kijana anayetafuta kazi na mkulima anayehofia shamba lake. Wote wawili ni washarika wetu. Hesabu inayomwacha mmoja wao nje haijakamilika, hata kama tarakimu zake ni sahihi.

Hilo ndilo fungu la kanisa katika jambo hili. Hatujaitwa kuwafundisha wahandisi kazi yao. Tumeitwa kuuliza kama deni limeandikwa kwa jina la aliyekopa, na kama maskini wamehesabiwa.

Lakini kidole kinachowanyooshea wengine kinatugeukia na sisi. Serikali ya Tanzania imeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2034, asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Nasi kila sikukuu ya mavuno tunakula pilau iliyopikwa kwa kuni nyuma ya kanisa, na akina mama waliokesha kwenye moshi huingia ibadani macho yakiwa mekundu. Vitabu vyetu vya fedha vinaonyesha sadaka ya kila Jumapili mpaka shilingi ya mwisho. Mizigo ya kuni na magunia ya mkaa tunayochoma kwa mwaka, hatujawahi kuyahesabu. Kamati ya ujenzi ingeweza kuanzia hapo, kabla ya kupaka tena rangi ukuta wa mbele. Bwana atupe moyo wa kukaa chini na kuhesabu.