Padre Secchi na Nyota Yenye Mshipi wa Gesi

Hapa Kamanyola, mwanzo wa Desemba, saa mbili za usiku, ukielekea kaskazini utaona chini nyota tano zimepangwa kama herufi M. Ile ya katikati ni Gamma Cassiopeiae.

Mwaka 1866 Padre Angelo Secchi, Myesuiti, aliitazama kwa darubini kutoka juu ya kanisa la Mtakatifu Ignasi, Roma, juu ya nguzo zilizojengwa kubeba kuba ambalo halikujengwa kamwe. Aliutandaza mwanga wake kwa kioo mfano wa upinde wa mvua. Katika nyota nyeupe nyingine, mahali pa haidrojeni pana mistari myeusi. Hapa aliona mistari inayong'aa! Basi kulikuwa na gesi nje ya nyota, nayo yatoa mwanga wake yenyewe.

Sababu ilikawia. Mwaka 1931 Otto Struve alisema nyota hizi zazunguka upesi mno hata gesi yarushwa kiunoni, ikawa mshipi. Alikaribia sana, ingawa kasi peke yake haitoshi. Baadaye vyombo vya kupima miali ya joto isiyoonekana kwa macho vilikuta joto kupita lile la nyota yenyewe: ndiyo gesi ya mshipi. Nao haudumu, hupotea ukarudi.

Tarehe 12 Desemba 1970 chombo Uhuru kilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya. Kilipokea miali ya eksirei kutoka X Persei, nyota ya namna hiyohiyo, ambayo mwenziwe, mdogo lakini mzito ajabu, huifyonza gesi yake.