Mchagua Jembe na Mfuko wa Fundi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Maana yake twaijua sote: mtu apotezaye asubuhi nzima akiligeuza jembe hili na kulitupa lile hana nia ya kulima. Kwa mvivu, methali hiyo ni ya kweli tupu. Lakini leo, ndugu msikilizaji, tunakusudia kumtetea mchagua jembe. Ushahidi wetu tutautoa katika historia ya Nyanda za Juu Kusini, kati ya Iringa na Mbeya, ambako suala la chombo kipi kibebwe na kipi kiachwe limekuwa suala la riziki tangu kale.

Tuanze na kale hasa. Kilomita kama 20 kutoka mjini Iringa, kando ya barabara iendayo Mbeya, liko korongo la Isimila. Humo zilitambuliwa mwaka 1951 zana za mawe zilizochongwa na watu wa zama za mawe, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakiongozwa na Clark Howell wakapachimbua. Vipimo vya baadaye vilikadiria umri wake kuwa miaka kama 260,000. Nyingi kati ya zana hizo ni mashoka ya mkono: jiwe moja lililochongwa pande zote mbili, lenye ncha upande mmoja na nafasi ya kiganja upande wa pili. Chombo hicho kimoja kiliweza kukata, kupasua na kuchimbua. Wenyewe walikuwa wanahama-hama, hawakuwa na ghala wala punda; chombo kimoja chenye kazi nyingi kilikuwa kheri kuliko vyombo vingi vya kazi moja moja. Fundi anayepanda daladala leo na mfuko wake begani anaikabili hesabu ile ile.

Kisha chuma kikaja. Huko Ufipa wahunzi walijenga matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Na juu ya milima ya Livingstone, Wakinga walikuwa mabingwa wa majembe. Waliyabeba majembe hayo wakateremka nayo hadi kwa Wanyakyusa, wakayabadilisha kwa chakula na mifugo. Tafakari safari hiyo, ndugu msikilizaji. Chuma ni kizito na njia za mlimani ni kali. Hakuna aliyebeba jembe bovu kulishusha mlimani. Na mnunuzi naye hakuwa mjinga. Aliligonga, akalisikiliza, akalitazama penye shingo, kwa kuwa alikuwa anatoa chakula cha watoto wake. Huyo alikuwa mchagua jembe, na alikuwa mkulima hodari.

Ukoloni ulileta majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, yakauzwa kwa bei ambayo mhunzi wa kijijini hakuweza kushindana nayo. Tanuru moja baada ya jingine likazimika. Hata hivyo ufundi haukufa, ulibadili nguo. Misheni, kama ile ya Rungwe iliyoanzishwa mwaka 1891, zilifunza useremala na uashi. Mji wa Mbeya ulipoanza mwaka 1927, ukilishwa na dhahabu ya Lupa huko Chunya, ulihitaji watu wa kupiga misumari, kuezeka na kutengeneza milango. Baada ya Vita Kuu ya Pili, shule ya ufundi ya Ifunda, mkoani Iringa, ikawatoa vijana waliojua kusoma mchoro na kunoa patasi. Ndipo akazaliwa mtu tunayemjua: fundi wa mjini, asiye na shamba la kutegemea, ambaye mtaji wake wote umo mfukoni mwake.

Historia ya mfuko huo ilipata sura mpya na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Wengi wanakumbuka vichwa vya treni na mahandaki. Wachache wanakumbuka kwamba sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka yetu. Hivyo, pamoja na reli, vitu vya Kichina vikaingia majumbani na kwenye karakana. Huko Ubungo, Dar es Salaam, China ikasaidia kiwanda cha zana za kilimo, na Mbeya nayo baadaye ikapata kiwanda chake, ZZK, kilichofua majembe na plau.

Halafu ikaja dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, na mwaka 1983 Serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Siku zile mtu hakuchagua, alishukuru. Mafundi walichukua springi za magari chakavu wakafua patasi, tindo na mapanga, na chuma hicho kilikuwa kigumu kweli kweli. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, milango ikafunguka. Vitu vikamiminika, vingine kupitia Tunduma. Viwanda vyetu vya zana vikadhoofika, hatimaye vikasimama. Tangu hapo tatizo la fundi limegeuka. Zamani alikosa chombo. Sasa amezungukwa na vyombo, na vingi ni vya kuvaa siku moja kama maua ya harusi.

Kwa hiyo, kuchagua kumerudi kuwa elimu. Mafundi wazoefu wa Mwanjelwa na Soweto, au wa Mlandege na Kihesa, hawajazi mfuko. Kwanza huweka vipimo, kwa kuwa ni vyepesi na ndivyo vinavyookoa gharama: futi, penseli, timazi na pima maji ndogo. Pili huweka vinavyoshika: praya moja imara, na ile spana ya kurekebisha ambayo mafundi, kwa utani wao, huiita spana malaya, kwa sababu haikatai nati yoyote. Tatu ni vinavyokata: msumeno wa chuma, patasi na kisu. Nne ni bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, na testa kwa anayegusa umeme. Nyundo iwe moja, ya uzito wa kati. Na mwisho, kitu ambacho vijana hukisahau: tupa na jiwe la kunolea, maana chombo butu ni mzigo tu.

Jiriwa, nyundo nzito na mashine hubaki kijiweni, zikatumiwa kwa zamu. Na kwa kuwa mvua za huku hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, vyuma hufungwa katika kitambaa kilichopakwa mafuta kidogo, kutu isile mtaji.

Dukani, mzoefu hupitisha tupa kwenye ukingo wa patasi: ikila kama inakata sabuni, chuma hicho ni laini, akirudishe. Bisibisi laini huharibu parafujo ya mteja, na parafujo ikiharibika jina la fundi huharibika nalo. Anayenunua ya bei rahisi mara tatu amelipa zaidi ya aliyenunua nzuri mara moja.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini tuupe mfuko mdogo heshima yote hii? Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Soko la SIDO, mjini Mbeya humo humo, likaungua mwaka 2017. Katika moto wa namna hiyo kibanda hakiokolewi, wala mashine haibebeki. Mfuko waweza kushikwa mkononi, na mwenye mfuko kesho yake ana pa kuanzia.

Lipo jambo kubwa zaidi. Sheria ya mwaka 1973 ilianzisha SIDO ili viwanda vidogo vikue. Ya mwaka 1994 ikaanzisha VETA ili vijana wapate ufundi. Yote ni mema. Lakini kijana anayemaliza mafunzo akiwa na cheti bila zana huenda kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri. Atafanya kazi kwa vyombo vya mwingine, kwa saa za mwingine na kwa bei ya mwingine. Atabaki saidia fundi hata kama mikono yake imempita bosi wake. Wazazi huchanga fedha nyingi kwa sherehe ya kuhitimu, keki na picha. Sehemu ya mchango huo ingetosha vyombo vichache vilivyochaguliwa vizuri.

Basi methali tuiache mahali pake, tumkemee nayo mvivu. Lakini kijana akisimama mbele ya duka la vyuma pale Kabwe au Miyomboni, akageuza patasi, akaipima kwa tupa na kuirudisha, muuza duka asimcheke. Yule Mnyakyusa aliyeligonga jembe la Mkinga naye alichukua muda wake, na shamba lake lililimwa.