Shirati Jazz: Bendi iliyovuka mpaka na jina la kwao

Ukitoka Tarime mjini ukishika barabara ya Musoma, unafika njia panda ya Mika. Hapo unakata kulia, unapita Utegi, na barabara inakushusha taratibu hadi Shirati, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mji huu unajulikana kwa samaki na kwa hospitali ya Wamenoniti, ambao wamisionari wao wa kwanza walifika mwaka 1934. Jambo la tatu husahaulika, ingawa ndilo lililolifikisha jina la Shirati hadi kwenye maduka ya muziki ya London. Jambo hilo ni gitaa.

Jina lilisafiri kwenye santuri za Shirati Jazz, bendi ya Daniel Owino Misiani. Nchini Kenya anaitwa babu wa benga, muziki wa magitaa wa kando ya ziwa. Huku kwao, nyimbo zake zikipigwa kwenye basi au kilabuni, si ajabu kumsikia mtu akisema huo ni muziki wa Wakenya. Kosa hilo lina historia yake, na kuifuata historia hiyo ni kufuata namna kundi la vijana wa mpakani walivyoitafuta sauti yao wenyewe.

Gitaa lenye sifa mbaya

Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 huko Nyamagongo, Shirati, enzi ambazo eneo hilo lote lilikuwa chini ya Tarime, au North Mara kama Waingereza walivyoiita. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji, lakini pia walikuwa watu wa dini, na gitaa siku hizo lilihesabiwa kuwa chombo cha walevi na wazururaji. Katika simulizi za ujana wake, inayorudiwa zaidi ni ya baba kulivunja gitaa la kwanza la mwanawe.

Gitaa lenyewe halikuwa na muda mrefu ukanda huu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari waliokuwa King's African Rifles walirudi vijijini na magitaa na gramafoni. Santuri za Kicuba zikafuata, kisha rumba ya Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wapiga gitaa wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, walifika Nairobi na upigaji wao wa kudonoa nyuzi kwa vidole. Kila kijana aliyekuwa na gitaa akajaribu kudonoa kama wao.

Hivyo ndivyo bendi changa zinavyoanza popote duniani: kwa kuiga. Kazi ngumu huja pale mwigaji anapoiga vizuri kabisa, halafu akagundua kuwa watu wanacheza kwa heshima ya yule aliyeigwa. Hapo ndipo inabidi aamue yeye ni nani.

Nyuzi nane za nyumbani

Vijana wa kando ya ziwa walikuwa na jibu karibu, kwa sababu walikuwa wamekua na ala nyingine ya nyuzi. Waluo wana nyatiti, yenye nyuzi nane. Mpigaji, anayeitwa jathum, hukaa kwenye kigoda kifupi, huvaa njuga za gara mguuni na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu. Anadonoa nyuzi kwa vidole, anagonga ubao wa ala kwa ile pete, na wakati huohuo anaimba. Mtu mmoja tayari ni bendi nzima: sauti, nyuzi na mdundo.

Majirani zao Wakurya, wenye vilima vya Tarime na Serengeti, wana iritungu, ambayo kwa Kiswahili tunaiita litungu. Nayo ina nyuzi nane, lakini sauti yake ni nzito na yenye mkwaruzo, sauti ya kufukuta kutoka chini. Anayeisikia usiku kutoka boma la mbali anaisikia kifuani kabla ya masikioni. Ng'ambo ya mpaka, Wakisii wana obokano, jitu la ukoo huohuo. Maeneo machache Afrika Mashariki yana ala hizi kwa wingi kama hili.

Benga ilizaliwa pale gitaa la solo lilipoacha kutembea kama rumba na kuanza kudonoa kama nyatiti. Nota zinatoka mojamoja, kali, za haraka, zikiijibu sauti ya mwimbaji sentensi kwa sentensi. Gitaa la besi likapandishwa mbele, likidunda kama ile pete ya mguuni. Wimbo ukapangwa upya pia: maneno kwanza, halafu waimbaji wananyamaza na magitaa yanachemka hadi mwisho. Hata desturi ya pakruok, ambapo msikilizaji humkatisha jathum ili ajisifu kwa majigambo na kutoa fedha, ilihamia kwenye umeme. Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga zimejaa majina ya watu na vijiji vyao.

Misiani hakuwa peke yake. Jina la benga lenyewe huhusishwa zaidi na John Ogara Odondi, aliyejulikana kama Kaiser, na kundi lake la Ogara Boys Band. George Ramogi naye alikuwa na Continental Luo Sweet Band. Lakini Misiani aliyevuka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakukihitaji: ilimbidi aseme anatoka wapi. Bendi yake iliitwa Shirati Luo Voice, baadaye Shirati Jazz, kisha D.O. 7 Shirati Jazz. Maneno mengine yalibadilika, Shirati ikabaki. Neno jazz lisikupotoshe. Katika Afrika Mashariki ya wakati ule lilimaanisha bendi yenye magitaa, basi.

Njia mbili za vijana wa Mara

Kwa nini hakubaki? Tuanze na maji. North Mara ilikuwa kaskazini ya Mto Mara kweli, na kabla ya daraja la Kirumi mto huo ulivukwa kwa pantoni. Kutoka Tarime, mpaka wa Sirari uko jirani. Ukishavuka kuingia Isebania, mbele kuna Migori, Kisii, Kisumu na hatimaye Nairobi, ambako kulikuwa na studio na mitambo ya kuchapa santuri. Dar es Salaam ilikuwa mbali kwa kila kipimo.

Sababu nzito zaidi ilikuwa lugha. Redio ya Tanzania ilitangaza kwa Kiswahili na kuacha lugha za makabila nje, kwa nia ya kujenga taifa moja. Redio ya Kenya ilikuwa na vipindi vya Kijaluo. Kijana aliyetaka kuimba kwa lugha ya mama yake hakuwa na mlango Dar es Salaam, lakini Kisumu mlango ulikuwa wazi.

Wenzake waliobaki upande huu walipita njia nyingine. Musoma ilikuwa na Mara Jazz, iliyoimba kwa Kiswahili na kujulikana kwa mtindo wake wa Sensera. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, mtindo ulikuwa kitambulisho. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata, Atomic ya Tanga ikawa na Kiweke. Bendi isiyo na mtindo ilikuwa kama mtoto asiyepewa jina. Wapiga dansi waliimba lugha moja ya taifa, kwa hiyo tofauti yao waliitafuta kwenye mdundo na kwenye neno la kuuita. Misiani aliimba lugha ya watu wake katika nchi ya watu wengine, na tofauti yake akaibeba kwenye jina la kijiji.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Sirari ikanyamaza hadi Novemba 1983. Bendi za Tanzania zilizozoea kwenda kurekodi Nairobi zikabaki na studio za redio ya taifa. Shirati Jazz ilikuwa upande wa pili, na ikabaki huko. Miaka hiyo sita ilitosha kwa kizazi kizima kukua kikidhani bendi hiyo ilizaliwa Kenya.

Mfalme wa Historia

Mashabiki wa Misiani hawakuuita muziki wake benga tu. Waliuita Historia, naye wakamwita Mfalme wa Historia. Alisimulia visa vya Biblia, masimulizi ya mababu na mambo ya siasa, mara nyingi kwa mafumbo ya wanyama ambayo kila mtu aliyaelewa na hakuna aliyeweza kuyathibitisha. Wakubwa nao waliyaelewa. Zaidi ya mara moja mashairi yake yalimtia korokoroni.

Sauti ile ilienda mbali. Santuri za benga zilizosambazwa na wazalishaji kama Phares Oluoch Kanindo zilipendwa hadi Zimbabwe, ambako majina ya sungura na kanindo yakageuka kuwa majina ya aina ya muziki wa dansi. Mwaka 1989 kampuni za London zilitoa albamu mbili za Shirati Jazz, Benga Blast! na Piny Ose Mer, jina ambalo kwa Kiswahili tungesema dunia imelewa.

Misiani alifariki Mei 17, 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu, akiwa na miaka 66. Mwaka uliofuata Wilaya ya Tarime iligawanywa na Rorya ikazaliwa. Shirati, bila kusogea hata hatua moja, ikatoka Tarime ikaingia Rorya, kama ilivyopata kuitwa North Mara kabla ya hapo.

Iritungu, kwa upande wake, haijavuka kuingia kwenye gitaa kwa namna nyatiti ilivyovuka. Mkwaruzo wake mzito bado unasikika kwenye harusi na sherehe za Wakurya, ukipigwa na mtu aliyekaa kitako na ala yake. Kijana wa Nyamongo au Mugumu mwenye gitaa la umeme na kipaza sauti kikali anatafuta mkwaruzo wa aina hiyohiyo kwa kukoroga vitufe. Misiani angemwambia asikilize bomani kwanza, kisha aandike jina la kijiji chake kwenye ngoma, herufi kubwa, kabla hajapanda basi la Sirari.