Alama batili katika ugawaji wa kumbukumbu ya kiini

Alama batili ni biti zisizokubalika zinazoambatana na ombi la kumbukumbu ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Katika Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na kinachoendesha pia simu za Android zilizoenea Tanzania, msimbo wa kiini huomba nafasi kwa kuita kmalloc, ukitaja ukubwa pamoja na alama za masharti. GFP_KERNEL huruhusu kusubiri hadi nafasi ipatikane. GFP_ATOMIC hukataza kusubiri, kwa mfano wakati wa kuhudumia ishara ya kukatiza kutoka kwenye kifaa.

Chanzo. Alama huwa batili pale ambapo mgawaji, yaani sehemu ya kiini inayotoa kumbukumbu, hawezi kuitekeleza. __GFP_HIGHMEM, kwa mfano, huelekeza kwenye kumbukumbu ya juu, ambayo kiini hakina anwani yake ya kudumu, ilhali kmalloc lazima irudishe anwani inayotumika papo hapo.

Ushughulikiaji. Awali, alama ya namna hiyo iliamsha BUG(), hatua iliyoweza kuangusha mfumo mzima. Tangu Linux 4.8 ya mwaka 2016, mgawaji huondoa biti zisizofaa, huandika onyo linaloonyesha biti batili na alama zilizobaki baada ya marekebisho, na kumtaka mwandishi asahihishe msimbo wake, kisha huendelea na ombi.

Onyo hilo haliondoi chanzo: kosa hubaki pale pale hadi msimbo wenyewe usahihishwe.