Jua, Kisima na Shimo: Mitambo ya Kusafisha Maji Taka kwa Mwanga

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, wadau, programu ya mteja ilinibana. Leo tuzungumze maji taka. Msicheke.

Nyumba niliyokulia Kibokoni, Mji wa Kale, ina kisima uani. Hatua chache kutoka kisimani lipo shimo la choo. Bibi alitukataza kabisa kunywa maji yale. Yalikuwa ya kufulia tu. Maji ya bomba kutoka Mzima, yaliyofika Mombasa miaka ya 1950, yakikatika tulinunua ya mkokoteni. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, lina vitundu kama sponji, kwa hiyo kinachomwagwa shimoni hakikai shimoni. Na juu ya paa la bati jua linawaka bure mchana kutwa. Nilikuwa nikijiuliza, mbona hatulitumii?

Kumbe swali ni kongwe. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua ndani ya mirija ya kioo. Karne moja baadaye, karibu 1980, Aftim Acra na wenzake wa Beirut walitumia jua kusafisha maji ya kunywa kwenye vyombo vya kawaida. Na mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la hapa hapa Kenya: watoto wa Kimaasai 206 walipewa chupa za plastiki, wengine wakaziweka juani paani, wengine ndani ya nyumba. Wa paani waliharisha kidogo zaidi. Tofauti haikuwa kubwa sana, lakini ilikuwepo.

Ila hayo ni maji ya kunywa. Maji taka ni meusi, na mwanga haupiti. Hapo ndipo Wajapani wanapoingia. Mwaka 1972 Fujishima na Honda walipasua maji kwa mwanga wakitumia titani dioksidi, ambayo ikiwa poda ndiyo ile nyeupe ya rangi za ukutani. Mwaka 1977 Frank na Bard, kule Marekani, wakaonyesha poda hiyo ikipigwa mwanga inaharibu sianidi iliyomo majini. Ubaya wake inakula miali ya urujuanimno tu, yaani takriban asilimia 5 ya nishati ya jua. Nyingine yote inapotea. (Ukiandika programu inayotupa asilimia 95 ya data utafukuzwa kazi.)

Wahandisi wa kituo cha Almería, Hispania, walijibu kwa umbo: mirija ya kioo yenye upana wa sentimita chache, na nyuma yake bati la alumini lililokunjwa, linalorudisha hata mwanga uliotawanywa na mawingu. Hakuna mota ya kulifuata jua. Kwa hewa yetu ya pwani yenye unyevu, huo ndio ubunifu ninaoupenda.

Nikapiga hesabu. Familia ya watu 6, lita 50 kila mmoja, ni lita 300 kwa siku. Kwa chupa za lita 2 ni chupa 150, zinazolazwa kwenye takriban mita 5 za mraba. Paa linatosha! Lakini chupa zinataka saa 6 za jua kali na maji maangavu, kwa hiyo kwanza lazima uchafu utulie na kuchujwa, na tangi la kutulizia linataka ardhi. Kibokoni ua wote una kisima na shimo.

Mjomba amekubali kunipa kona ya paa. Tunaanza na mirija miwili, na maji ya kisima kile kile.